Ndege Tuliyoipungia

Jumamosi, 17 Agosti 1996

Sijamwambia mtu, na Mama sitamwambia kamwe: ndege tuliyoipungia leo haikuwa ya Dada Wawira anayeenda kusoma India.

Nikitoka msalani pale uwanja wa ndege, nilimwona kupitia kioo, bado yuko kwenye foleni ya ukaguzi, askari akipekua mkoba wake. Nilipopanda kwa wenzangu kwenye baraza la kutazamia ndege, ndege ilikuwa inapaa. Mzee wa kanisa tuliyekuja naye akapaza sauti, "Ndiyo hiyo! Mpungieni!" Mama akavua kitambaa cha kichwa, akapunga huku akilia.

Dereva wa gari tulilokodi alitaka turudi Embu mapema, tusingeweza kungoja ndege ya Dada. Nami nikapunga. Sikuhisi chochote.

Njiani Mama akaniuliza, "Alituona?"

"Alituona, Mama."

Tulipofika nyumbani Karurumo nilibadilisha nguo, nikaenda kukamua ng'ombe. Hadi jana Dada ndiye aliyekuwa akimkamua; hapo ndipo nilipohisi kwamba ameondoka.