Kabati Ambalo Msabah Hakulimaliza

Kwa Bi Mwatum, mshauri wa wasomaji,

Mdogo wangu Shemsa si mke wa mtu, na Unguja nzima hakuna anayejua ila mimi. Yeye mwenyewe hajui. Anajihesabu mke wa Msabah, na siku hizi hasemi nami kwa ajili ya rangi niliyolipaka kabati la mumewe, nami ninayejua kuwa huyo si mumewe tena nimekaa kimya. Naomba unisaidie Bi Mwatum, na naomba usiichape barua hii, kwa sababu Shemsa husoma ukurasa wako kila Ijumaa, kusoma nilimfundisha mimi, basi jibu lako mpe jirani yetu Mwanakhamis anayekuletea barua hii.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Figo zangu zimechoka, na daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, nami nimesomesha watu miaka mingi mno nisielewe maana yake. Tunakaa Mji Mkongwe, ghorofa ya juu, mimi na Shemsa peke yetu. Zamani tulikuwa watatu. Msabah alipomwoa Shemsa mimi nilikuwa nimeshafiwa na mke, tukakubaliana wakae kwangu, na kwa kuwa Msabah alikuwa seremala katika duka moja la fanicha alitutengenezea makabati mawili ya chooni, ya mbao ya mvule, moja la sabuni na mataulo na moja la dawa, akalipaka la kwanza rangi ya majani likapendeza hata jirani wakawa wanakuja kulitazama, na la pili akalipaka mkono wa kwanza tu, ule mweupe wa chini, akasema atalimaliza.

Hakulimaliza. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, mwenye duka aliondoka na duka likafungwa, Msabah akakaa miezi hana kazi, mwisho akaamua kuvuka bara kutafuta. Asubuhi ya safari nilimsikia akimwambia Shemsa, "Hilo la pili usimpe mtu kulipaka. Nikirudi ntalimaliza mwenyewe." Kisha nikashuka naye ngazi kumsindikiza, na tulipofika mlangoni akaweka mzigo chini akanishika mkono.

"Maalim, nikitimiza mwaka sijarudi wala sijaleta habari, Shemsa nimemwacha. Wewe ndiye shahidi wangu. Mwambie aolewe, asikae bure."

"Mwambie mwenyewe, yuko juu."

"Siwezi. Akilia ntabaki, na nikibaki tutakula nini?"

Mwaka ulitimia. Hakurudi, hakuandika, hakutuma salamu kwa mtu. Nami sikumwambia Shemsa. Kwanza nilijiambia nangoja mwezi upite, kisha nangoja Ramadhani ipite, kisha nikajiambia kwamba ana matumaini yake na matumaini yanamsimamisha, mimi ni nani niyaondoe, na hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Kila Ramadhani ikikaribia nyumba hupakwa chokaa yote, lakini kabati la pili haliguswi. Shemsa hulifuta kila Ijumaa kwa kitambaa kikavu. Ndani hamna dawa wala chochote ila wembe wa Msabah na kipande chake cha sabuni.

Sasa nikueleze la rangi. Katika nyumba hii kila aliyekufa ameoshewa chooni humo, maana ndimo maji yanamopata njia, wazazi wangu na mke wangu wote, na zamu yangu ni hii. Kila nikijimwagia maji nilikuwa nikilitazama kabati lile, rangi imebanduka, mbao imeota weusi wa unyevu, nikaona haya. Wataingia watu kuniosha, pengine wanafunzi wangu wa zamani, na mtu anayeosha maiti hana pa kutupa macho ila ukutani, na watajiuliza Maalim alikuwa akikaa vipi. Nikataka wakute pasafi. Shemsa alipokwenda Kikwajuni kumkanda mpwa wetu aliyejifungua, nikachukua mkongojo wangu nikaenda hadi Mlandege, dukani kwa Kurwa.

"Nani mpakaji, Maalim?" akaniuliza.

"Mimi."

"Wewe? Basi ngoja nikuuzie na mtu wa kukushika usianguke."

Watu wakacheka, nikacheka nao. Rangi ya majani haikuwapo, siku hizi mtu huchukua kilichopo, nikachukua samawati, na brashi, na msasa. Nikakaa juu ya kigoda chooni, nikawa napiga msasa kidogo napumzika, napaka kidogo napumzika, na nikikwambia nilikuwa na furaha usinicheke, maana maisha yangu yote nimeshika chaki tu. Mwanakhamis alichungulia akasema, "Maalim, umepaka kabati au umejipaka mwenyewe?" Lakini nilikosea. Sikulikwangua lote. Pale rangi ya Msabah ilipokuwa imeshika niliiacha nikapaka juu yake, na dirisha la chooni kwetu ni tundu tu, humo hata taulo halikauki sembuse rangi ya mafuta.

Shemsa aliporudi ilikuwa bado inanata. Alisimama mlangoni na buibui lake hajalivua.

"Nani kakuruhusu, kaka?"

"Shemsa, kabati tu. Lilikuwa linaoza."

"Lina mwenyewe."

Akaenda jikoni akarudi na kitambaa na mafuta ya taa, akaanza kuifuta rangi yangu. Nilimwambia aache. Hakuacha. Akasugua kwa mikono miwili, ikatoka yangu, na ile nyeupe ya Msabah iliyokuwa imeshalegea kwa unyevu ikatoka nayo, mpaka mbao ikabaki tupu. Ndipo akatazama kitambaa mkononi. Sikumsikia akilia siku Msabah alipoondoka, lakini siku ile nilimsikia, na jirani walimsikia.

Tangu hapo uji huupika lakini huletwa na Mwanakhamis. Nikiita, "Shemsa," hujibu, "Naam," basi, haji. Nifanye nini aseme nami kabla sijaondoka? Na lile jingine, Bi Mwatum, nimwambie, au nimwachie matumaini yake nife nalo? Ameshakuwa mtu mzima. Nikimwambia leo hana mume, nampa nini?

Ni mimi,
Maalim Simai

*

Maalim Simai,

Shikamoo. Naitanguliza kabisa, kwa sababu nitakayokuandikia chini yake si maneno ya kumwambia mtu wa umri wako.

Pole kwa maradhi. Pole pia kwa kazi uliyoifanya juu ya kigoda na pumzi zako zile. Nimesoma mahali pale mara mbili. Mtu anayetaka watakaomwosha wakute pasafi ana heshima yake, na pengine Shemsa angekusaidia kulishika kopo la rangi lau angejua unajitayarishia nini. Hukumwambia hilo nalo. Naona nyumbani kwenu mambo makubwa yote unayajua peke yako.

Umeniuliza kama umwambie. Maalim, wewe hukupewa siri, ulipewa ujumbe. Msabah alikutuma. Alikupa neno ulifikishe kwa mwenyewe, ukaliweka mfukoni, na sasa unaniuliza kama ni vizuri kuzikwa nalo! Hebu fikiri litakalotokea ukizikwa nalo. Shahidi ni wewe peke yako. Ukishafunikwa udongo, hakuna mtu duniani atakayeweza kusimama mbele ya kadhi akasema kwamba mwanamke huyu aliachwa. Atakaa mke wa mtu asiyekuwapo mpaka naye aoshewe chooni humo humo. Hayo ndiyo unayoyaita matumaini?

Unasema ameshakuwa mtu mzima, utampa nini. Utampa alichokuwa nacho zamani asijue kuwa ni chake. Atakifanyia nini si kazi yako. Akitaka kuolewa aolewe, akitaka kukaa akae, akitaka kumngoja Msabah na amngoje, lakini amngoje kwa kujua.

Na kuna jambo hukuliandika, na mimi kazi yangu ni kusoma barua za watu. Umeandika kwa nini ulilipaka kabati, tena kwa kirefu na vizuri. Kwa nini ulinyamaza umeandika kwa mbio, mwezi upite, Ramadhani ipite. Nakuuliza bila adabu: miaka hiyo yote nani alikupikia? Nani alikufulia kanzu, nani alikukalia usiku ulipougua? Kama Shemsa angeolewa mtaa mwingine, ungebaki na nani ghorofani huko? Sisemi ndiyo sababu. Nasema jiulize, na ukishapata jibu usinipe mimi, mpe yeye.

Sasa fanya hivi. Kabati usiliguse tena, si kwa brashi wala kwa msasa. Mwite Shemsa, na akijibu "Naam" bila kuja, mwambie una maneno ya Msabah. Atakuja. Mwambie kama ulivyoambiwa mlangoni, neno kwa neno, usiongeze huruma. Kisha mtume Mwanakhamis kwa kadhi aje nyumbani achukue ushahidi wako wiki hii, maadamu ulimi wako mzima. Uzito wake yeye ndiye ajuaye kuupima. Na Shemsa akikuuliza swali, jibu lile alilouliza. Usimjibu jingine.

Sitaichapa barua yako mpaka uniruhusu.

Mwatum

*

Wasomaji, barua hii ya pili imeniletea ruhusa hiyo. Maalim ameomba zote zichapwe pamoja, kwa majina kama yalivyo. — M.

*

Bi Mwatum,

Nimemwambia. Nilifanya kama ulivyoagiza, nikasema nina maneno ya Msabah, akaja na ungo wake wa mchele akakaa chini karibu na kitanda. Nilimweleza yote. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Kwa hiyo tangu mwaka sitini na tano," akasema.

"Tangu sitini na tano."

"Nilikuwa bado kijana."

"Ulikuwa bado kijana."

"Kwa nini, kaka?"

Nikamwambia sikutaka kumvunja moyo. Akatoa kijiwe akakitupa dirishani. "Moyo ulikuwa wangu," akasema.

Kadhi alikuja akachukua ushahidi wangu. Ilibidi wanikalishe kwa mito. Shemsa alisimama nje ya mlango akisikiliza, na kadhi alipokwisha kuondoka aliingia, akanifunika shuka miguuni kama afanyavyo siku zote, akaniuliza swali moja.

"Miaka yote hiyo, hakuja mtu kuniuliza?"

Nikamwambia hakuja.

Akainyoosha ile shuka. Kisha akasema, "Basi. Kama hakuja mtu, hukunipotezea kitu. Nimekusamehe, kaka." Na jioni ile aliniletea uji mwenyewe, akaninywesha kwa kijiko, akanichekesha kwa habari za mtoto wa Kikwajuni, na wembe wa Msabah akautoa kabatini akampa Mwanakhamis autupe.

Msamaha ule nimeupata kwa uongo, na sina nguvu ya kuurudisha kwa mdomo. Nimejaribu tangu juzi. Nikimwona ameshika kijiko ulimi unakataa. Ndiyo maana nakuomba uchape, aje ausome ukurasa wako kama Ijumaa zote, nami niwe hapa kitandani nikimwona anavyosoma. Na swali lako la nani alinipikia, nimejiuliza, na ulikisia sawa.

Shemsa, alikuja mtu. Alikuja Mjaka, mwalimu mwenzangu wa Tumbatu, yule aliyekuwa akija kunywa kahawa kwetu, ambaye uliniuliza mara nyingi mbona haji tena nikakwambia amehamishwa skuli. Hakuhamishwa. Mwaka wa Msabah ulikuwa umekwisha kutimia. Alikuja amevaa kanzu nyeupe ya Idi siku isiyokuwa ya Idi, akakataa kukaa, akaniuliza, "Maalim, Shemsa ana mume au hana? Kama hana, mimi namtaka." Wewe ulikuwa jikoni unanikaangia samaki, nilikuwa nasikia mafuta.

Nilimjibu kwamba una mume.