Njuga za Paka Chumbani kwa Mwenye Eda

Dada Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Kaa chini kwanza ndiyo uisome hii, maana wewe ukisoma umesimama huruka mistari, halafu unasema sikukuambia. Miguu ya mama inaendeleaje? Na kifua chako kimeachia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niuelezeje.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu sisemi kitu. Kila nikiipokea, chumba kimejaa wanawake waliokuja kunipa pole, na wote wametega masikio. Barua hii ataileta dereva mwenzake marehemu mume wangu, yule anayepita hapo Voi akishuka Mombasa.

Dada, nimechoka kufungiwa. Eda ni amri na nimeipokea, kumkalia mume wangu Yasini si adhabu. Ila kuta ni zilezile, pazia lilelile, na nje mji huu wa Koboko, huku Uganda, unaendelea na mambo yake, malori yanapita kwenda Oraba, mpakani na Sudan Kusini, na mimi nayasikia tu. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kwamba eda ikiisha nataka kurudi nyumbani, na hapa hakuna aliyeniuliza. Wazee wameshaanza kumtaja shemeji mdogo, eti ndiye atakayenirithi. Mama mkwe naye kila akiniletea chakula huniita mtoto wa hapa. Nitamwambiaje mwanamke aliyemzika mwanawe kwamba na mimi namwacha?

Mfungwa mwenzangu ni Taniboi, paka wa Yasini. Alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa akipanda naye lorini, eti ndiye msaidizi wake. Tangu msiba, honi ikilia barabarani paka anatoka mbio kumpokea bosi wake, na amewahi kukoswakoswa na magurudumu. Ndipo tukamfungia chumbani kwangu. Akakwaruza mlango, akalia, akararua pazia. Nikaona huyu asipopata cha kuchezea, tutapata wazimu sote wawili.

Wifi Asha, dada wa marehemu, ndiye aliyenitafutia vitu sokoni. Alianza na mpira mkubwa wa plastiki, wa watoto. Taniboi akaunusa, akaupa mgongo. Nikampa uzi wa sufu, akaupenda mno hata akaanza kuumeza, nikauvuta kutoka kooni mwake. Uzi wote nimeuchoma. Katoni tupu niliyoitoboa matundu ilifaa: hujificha humo na kutoa mkono mmoja kama kondakta anayedai nauli. Lakini kilichomkosha kabisa ni unyoya wa kuku niliofunga kwenye ukindu, masalio ya makawa ya rangi ya kufunikia chakula anayosuka mama mkwe. Lazima uuburute kama kitu kinachokimbia, kisha umwachie aukamate, la sivyo ananuna. Na ukimtolea vyote kwa pamoja hataki hata kimoja, kwa hiyo navificha, navitoa kwa zamu. Umeona kazi niliyo nayo?

Basi wifi, kwa wema wake, akaleta njuga ndogo. Tukazifunga kwenye ule ukindu. Dada, hakuna aliyefikiri! Mwenye eda hajipambi, hata bangili nimevua, halafu chumbani mwangu kukaanza kulia cheng, cheng, cheng, na mimi nacheka. Ndiyo, nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Sebuleni walikuwa wamekaa majirani.

Mama mkwe aliingia bila hodi, amefura.

"Zuhura! Watu nasema wewe navaa bangili, nacheza ngoma! Kaburi ya mtoto yangu iko bado mbichi!"

"Mama, hapana mimi. Iko paka," nikamjibu. Siku hizi nasema kama wao, usinicheke.

Papo hapo Taniboi akachomoka katonini, akazirukia njuga, akapinduka chali. Mama mkwe akamtazama. Nilingoja matusi. Badala yake akaketi mkekani, akauchukua ukindu mkononi mwangu, akaanza kuuburuta. Ana mkono mzuri kuliko mimi, amezoea ukindu. Kisha akapaza sauti kuelekea sebuleni:

"Iko paka! Nyinyi kunywa chai, wacha mtoto ya watu!"

Njuga tulizifungua siku hiyohiyo. Lakini tangu hapo huja kila alasiri, tunamchezesha paka pamoja, wala hatuongei sana. Jana, bila kunitazama, akasema:

"Eda ikiisha, wewe enda kwa mama yako. Wazee, mimi taongea nao. Lakini paka bakisha. Nyumba yote haiwezi kunyamaza siku moja."

Ndilo nililokuwa nikiliomba usiku na mchana, na nililia kuliko siku ya mazishi. Nikasema ndiyo, mama. Kisha tukaendelea kuburuta unyoya, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kuinuka.

Mwambie kaka ajiandae kuja kunichukua. Akifika asiwe na haraka ya kugeuza. Akae na mama huyu, anywe chai yake, amsikilize.

Mkandie mama miguu kwa niaba yangu. Shangazi anayetuombea mpe salamu, na shemeji yangu, huyo mume wako mtani, mwambie nimemkumbuka hata yeye. Wanao wabusu mmoja mmoja, wasigombane nani wa kwanza.

Ni mimi mdogo wako, niliye ndani,
Zuhura