Mabua Ambayo Hatukuyachoma

Kivukoni, Ifakara,
11 Machi 1956.

Mpendwa kaka Fulgensi,

Shikamoo. Hujambo huko Tanga? Na kifua je, vumbi la mkonge bado linakukohoza? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua tangu mvua zianze.

Kaka, najua umeomba ruhusa uje kumhamishia Mama kwa mjomba kule Kisawasawa, kwa kuwa shamba limechoka. Mama alikubali, lakini kaburi la Baba liko pembeni ya shamba lile lile, na tangu siku hiyo hali chakula vizuri. Kwa hiyo soma haya kabla hujapanda gari.

Unajua tukishavuna mpunga, huku kila mtu huchoma mabua. Safari hii nilimwomba Mama aniachie yetu. Nilikuwa nimeona gogo nyuma ya jiko limeota ukungu mweupe kama nyuzi, nilipoligusa likavunjika kama andazi kavu. Nikajiuliza, kitu laini hivi kinawezaje kula mti? Na kikiweza mti, mabua yatakishinda?

Nikachanganya vipande vya gogo na mabua yaliyolowa, kama tunavyotia machicha ya pombe ya jana kwenye pombe mpya ili ichachuke. Kosa langu, nikayafunika kama pombe hasa: majani ya mgomba, kisha udongo, bila tundu. Harufu iliyotoka, majirani walibadili njia. Mama akaniuliza, "Sasa wewe unawapikia fisi?" Niliona aibu, lakini hamu ya kujua ikanizidi.

Nikafumua, nikapanga upya bila udongo, nikawa nanyunyizia maji. Kumbe ukungu nao unataka kupumua. Ulitambaa mpaka chini, na ukitia mkono ndani unasikia joto. Mvua zilipoanza mabua yalikuwa meusi na laini, tukayamwaga upande mmoja wa shamba.

Leo upande huo mpunga umenipita kiuno, kijani kimekolea. Upande wa pili ni manjano kama mwaka jana. Je, makapi ya mkonge huko kiwandani nayo yanaota ukungu? Hebu niangalizie, uniambie na rangi yake.

Juzi nilimkuta Mama amefungua mzigo wake wa safari. Ametoa mkeka, amefunika lundo jipya la majani ya palizi lisikaushwe na jua. Nilipita kama sikuona, nikaenda kulia jikoni.

Msalimie wifi Serafina na watoto. Shangazi Tekla anakukumbuka. Mama anakusalimu sana, anasema ukija usibebe kamba za mizigo, ulete jembe.

Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Apolonia