Kinu Nyuma ya Pazia

Darsait, 9 Machi 2006

Shangazi yangu Mahbuba,

Assalamu alaykum. Magoti yanakwendaje, na kile kikohozi? Sisi wazima, ila mimi usingizi umenipaa. Nasikia kinu chako: tu-tu, tu, kama ulivyokuwa ukitwanga iliki jikoni mkahawani. Halafu ghafla, kimya.

Mkahawa unatimiza miaka kumi na mitatu. Baba anataka historia yake itundikwe ukutani, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, kazi kanipa mimi. Ameniagiza niandike kuwa taarab ya pale ilianza na Ami Sleyum na udi wake. Nilipomuuliza habari zako, alisema wewe ulikuwa ukitwanga iliki tu, na kwamba penye baraza ya wanaume hapatundikwi jina la dada yake.

Lakini mimi nakumbuka. Udi ulikuwa bado haujaja. Uliimba nyuma ya pazia, kinu kikikupigia, wateja wakidhani ni kaseti. Ukianza, hakuna aliyetikisa kikombe kuonyesha kuwa ametosheka. Msafiri, mhudumu wetu, alizunguka na dele la kahawa mpaka mkono ukamuuma, akiwatania kuwa leo watakwenda kusali Magharibi kahawa imewafika masikioni.

Kisha mzee Aflah, mteja wetu wa kila siku, akamuuliza Baba, mbele ya watu, tangu lini anawakirimu wageni kwa sauti ya dada yake. Kinu kikanyamaza siku ile ile. Baba akasema mdomo uliotoa siri ni wa Msafiri, akamfukuza. Na wewe, mwezi haukwisha, ukarudi Unguja. Miaka yote hii unaniandikia kwamba Msafiri umeshamsamehe.

Shangazi, Msafiri hakusema neno. Ni mimi. Nilikuwa na miaka minane. Mzee Aflah aliisifu ile kaseti, nami kwa fahari nikamshika mkono, nikamfunulia pazia. Ulikuwa umetupa mgongo, hukutuona. Msafiri alipofukuzwa nilisimama mlangoni, kimya. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kunyamaza, na watu wanaita adabu.

Msafiri nimempata mtaa wa Wattaya, anaosha magari. Nimemwomba radhi. Akaniuliza kama bado unaimba. Swali lake nakuletea wewe.

Nisalimie Bi Mwanamize na wote wa nyumbani, na uniombee dua. Historia nimeiandika kama ilivyokuwa: jina lako mstari wa kwanza, kosa langu mstari wa mwisho. Mchana huu nimekwenda nikaitundika mwenyewe, juu ya meza ya mzee Aflah. Sasa namsikia Baba huko chini, anatafuta funguo za mkahawa akaufungue kwa jioni; bado hajaiona.

Mwanao,
Manal