Hando la Shujaa wa Sidi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka salama, Mungu ashukuriwe. Nimepeta mahindi, mgongo unalalamika. Rafiki yangu Habiba ameleta maziwa, tukachelewa kuachana kama kawaida yetu, yeye mlangoni, mimi na ungo.

Saa nne ujumbe wa Sidi. Leo si Jumapili! Mwanangu huyu huniandikia Jumapili tu, "Shikamoo Mama, niko salama," basi. Ni hivyo tangu Krismasi ya mwaka juzi, alipopanda basi la alfajiri kurudi Nairobi. Hajakanyaga Garsen tena.

Leo ameandika maneno mengi, na picha juu.

Kazi yake ni kuchora watu wa mchezo. Nimesoma mara tatu ndipo nikaelewa. Watu wazima wanakaa mezani, wanarusha dadu, kila mmoja amejichagulia mtu wa kubuni na anasema kwa kinywa chake. Kuna majoka, uchawi, vita. Sasa wakubwa wake wanataka mwanamke wa vita wa huku kwetu, tena awe mungu wa mto. Picha ni mfano aliopewa aufuate. Sidi haupendi. Anataka mwanamke wake avae hando, lile vazi la marinda la bibi zetu wa Kigiriama. Linafungwaje, Mama? Huko aliko hajapata wa kumwonyesha.

Picha yenyewe! Chuma kimefunika matiti tu. Tumbo lote nje, mapaja nje. Nimeona hasira. Nimeona na furaha, kwamba ananihitaji. Sikujua nishike ipi.

Jumanne, 5 Agosti

Sikulala vizuri. Mungu wa mto. Huu mto wa Tana naujua, umenisombea mahindi kwa mafuriko misimu miwili. Siwezi kumshonea nguo.

Nimemwandikia: Mungu siwezi. Mtu naweza.

Hajajibu.

Nimemwonyesha Habiba ile picha. Yeye ni Muorma, Kiswahili chake anakikata anavyotaka. "Huyu vita gani anaenda bila nguo? Mbu ya Garsen itamaliza yeye kabla adui hajafika." Nikacheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Ameigusa simu kwa kidole. "Na hii tumbo? Mimi nikiwa adui, mkuki yangu iko hapo hapo."

Jumatano, 6 Agosti

Nimeangalia simu shambani, kisimani, hata katikati ya sala. Nimetubu.

Niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika. Krismasi ile nilikuta kitabu kwenye begi la Sidi. Wanawake wenye pembe, wenye mabawa, wenye mikuki. Kurasa zote, amezichora yeye. Wiki hiyo tulikuwa na mkutano wa injili uwanjani, tumehubiriwa mapepo siku tano. Yeye yuko sokoni. Nikakitia jikoni, kati ya mafiga.

Aliporudi aliliona jalada, halijaisha kuungua. Angelia ningejua la kufanya. Alikunja nguo zake moja moja.

Nilisema ni kwa ajili ya roho yake. Leo sina hakika. Nadhani niliogopa tu. Nilimwona binti yangu ana mahali pa kwenda nisipopajua.

Na mimi je? Siku moja akina mama tuliigiza kanisani, nikawa malkia mkorofi. Nilipaza sauti hadi watoto wakalia. Kwa saa nzima sikuwa mimi. Nilipenda. Hakuna aliyesema nina pepo.

Alhamisi, 7 Agosti

Amejibu! "Nimewaambia atakuwa mtu. Hawajafurahi. Wanataka niwaonyeshe kazi Jumatano ijayo, la sivyo wanampa mchoraji mwingine."

Kwa hiyo amesimama na neno langu mbele ya wakubwa wake. Mimi niliyechoma kitabu.

Maelezo ya simu hayatatosha. Hando huwezi kulieleza, ni la kushika. Nitalishona nilitume. Nimenunua marikani nyeupe dukani, nimeirarua kwa mkono kama alivyonifundisha Hawe, bibi yangu. Mkasi unaua nyuzi. Mshipi nimeukata bila kumwuliza Sidi kipimo. Kiuno chake nakijua, nimemshonea tangu Shule ya Jumapili.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbili nakunja marinda. Vidole vimevimba. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kiunoni pajae, ukitembea lichezecheze.

Hawe, mama wa mama yangu, alikuwa nami chumbani siku nzima. Namaanisha kumbukumbu yake. Alitoka kusini kwa miguu, jembe begani, akaja kufyeka huku. Alivaa hando mpaka anakufa. Juu hakuvaa kitu. Hiyo imenisimamisha sindano. Mimi ninayelaani tumbo la yule wa pichani, nimelelewa na mwanamke kifua wazi, na sijawahi hata siku moja kuona yuko uchi. Alimfukuza kiboko mahindini kwa kijinga cha moto, matiti yake hayo, na wanaume wako nyuma yake.

Nimefikiri sana. Hawe alivaa vile ili alime. Yule wa pichani amevuliwa ili atazamwe. Hata uso wake hautazami adui, unamtazama anayemtazama. Nimemwandikia Sidi hivyo hivyo. Nikaongeza: juu mfunge leso. Si aibu, ni mbu.

Amenirudishia kicheko. Kile kiuso cha manjano kinachotoa machozi. Nimekitazama muda mrefu.

Jumapili, 10 Agosti

Mwenyekiti wetu wa akina mama amepita baada ya ibada. Ameliona hando kitini. "Mama Sidi, haya ni mambo ya kaya, ya matambiko ya wazee. Si tuliyaacha?" Nikamwambia ni nguo. "Nguo ya nani?" Ya mwanamke wa mchezo. Nilisikia mwenyewe neno lilivyotoka vibaya.

Amesema Alhamisi sitaongoza maombi. Mpaka nijieleze.

Imeniuma. Miaka kumi na moja naongoza yale maombi. Lakini mwaka juzi niliogopa nikachoma kazi ya mtoto wangu. Sichomi tena. Nimemaliza pindo la chini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelivaa juu ya gauni ili Sidi aone linavyofungwa. Habiba ndiye mpiga picha. Ya kwanza ameshika simu vibaya, kichwa changu hakimo. Ya pili kidole chake kimejaa. Ya tatu akaniamuru, "Sasa piga kelele, wewe si askari?" Nikashika mwiko wa sima, nikapiga ukelele. Mbuzi wa jirani wamekimbia. Habiba amekaa chini, anajifuta macho kwa ushungi. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili mimi, na moyo unadunda kama wa msichana.

Kisha akanirudishia simu. Akaniuliza, "Atakuja lini?" Nikaanza kulifungua hando.

Kifurushi kimeondoka na basi la mchana. Barua nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa mahubiri. Ya pili ilikuwa visingizio. Iliyokwenda ina mstari mmoja: Nisamehe kwa kile kitabu. Nimeitia ndani ya marinda.

Jumatano, 13 Agosti

Leo ndiyo siku aliyopewa. Nimefunga mpaka saa tisa. Nimemwomba Mungu ampe kibali mbele ya wale watu. Sijui kama kuna aliyewahi kumwombea mwanamke wa dadu. Mungu anisikie hivyo hivyo.

Hakuna simu. Labda barua imemchukiza. Labda hakuiona, imedondoka.

Namtaka hapa. Basi. Nataka kumsikia akikohoa chumba cha pili.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekaa kiti cha nyuma kwenye maombi. Mwingine ameongoza. Ameongoza vizuri.

Nimerudi, nimewasha simu. "Shikamoo Mama, wamemkubali." Mwanamke atakuwa mtu, atavaa hando na leso, wachezaji watamchagua kama wanavyowachagua wengine. Jina atapewa na atakayemcheza. Picha ya mchoro ipo. Mwanamke amesimama imara, anatazama mbele, hana habari nasi. Ni kazi nzuri. Nimesema peke yangu, kwa sauti, ni kazi nzuri.

Picha ya pili ni Sidi mwenyewe. Amevaa hando langu juu ya suruali, ameshika ufagio kama mkuki, amekunja uso. Kuhusu barua hakusema kitu.

Nimeikuza kwa vidole. Si uso niliotazama kwanza. Mshipi. Niliukata kwa kiuno nikijuacho, ncha zikutane. Zimepitana kiganja kizima. Amekonda mwanangu, na mimi sikujua. Mifupa ya mabega imesimama.

Nimefikiri cha kumjibu mpaka chai imepoa. Nimeandika: "Shikamoo yako nimeipokea. Umependeza. Hando limekupwaya, njoo nikupunguzie. Nijibu mapema."