Buti Zako Nimezitoa

Baba,

Salamu zikufikie huko uliko. Najua barua hukuzipenda. Ulisema anayetaka kuzungumza na wewe apige simu kituoni, na kengele ikilia akate. Basi leo hakuna kengele na huna pa kukimbilia, nisikilize mpaka mwisho.

Shangazi Salma anataka mashairi yako yawe kitabu. Yale ya watoto, uliyoyaandika nyuma ya karatasi za zamu miaka yote uliyokuwa zimamoto. Miezi saba hii tangu ututoke amezikusanya zote ndani ya kopo la biskuti, akaja nazo kutoka Sib mpaka kwangu Al Khoudh, akanikabidhi nizichape, maana mwandiko wako uliopinda hausomeki na mwengine. Akaniambia: "Nnayataka kama alivyoyaandika kaka'angu. Neno la marehemu haliongezwi wala halipunguzwi."

Nimechapa na kucheka peke yangu. Lile la wali, unalikumbuka?

*Wali ungali jikoni, kengele yatulilia,*
*Tukirudi ni ukoko, nao twaugombania.*

Nilikiona kituo chote, sinia katikati na nyinyi mmelizunguka, wazima moto wa Maskati nzima mmeunguza wali wenu wenyewe. Ulikuwa ukiniletea kipande cha ukoko kwenye karatasi, ukisema ndiyo halua ya kazini kwenu. Meno yangu ya utotoni yaliisha kwa halua hiyo.

Limebaki shairi moja, na hilo ndilo limenikaba.

*Buti zangu mlangoni, suruali imo ndani,*
*Kengele ikilia tu, nishaingia garini.*

*Ukiona moshi, mwana, kabatini ujiweke,*
*Nyamaza, buti za baba zikija ndipo utoke.*

Hili ni langu. Uliniandikia nikiwa na miaka sita, kwa kuwa nilikuwa nikilia kila ukienda zamu. Ukirudi, mimi nishajificha kabatini, nimeziba mdomo kwa mikono miwili. Nasikia buti zako ukumbini, zinapita chumba hiki, zinapita kile, nawe unajiuliza kwa sauti, "Huyu mtoto kahama?" Halafu mlango unafunguka. Sijawahi kuona furaha kama ile tena, Baba, na nimeolewa na nimezaa.

Ndiyo maana nikamfundisha Haitham wangu. Sasa ana miaka mitano. Analisoma kwa moyo, na ulimsikia mwenyewe, ukampakata ukamwambia, "Huyu ndiye mwenzangu."

Mwezi uliopita, baada ya Alasiri, nilikuwa nakaanga kachori. Nikaenda kupokea simu, ya Shangazi, akiulizia kitabu. Niliporudi karai linawaka. Nilichukua mfuniko kama ulivyonifundisha, lakini pazia lilikuwa limeshashika, na moshi ukajaa nyumba kabla sijamaliza kusema bismillahi. Nikaanza kumwita Haitham. Kimya. Nikaingia chumbani kwake, nikaita, nikatazama uvunguni, kimya. Nikasema ametoka. Nikakimbia nje miguu mitupu, uani hayupo, barabarani hayupo, na kokoto zilizochomwa na jua zikaniunguza nyayo. Jirani akanishika mkono akasema nisirudi ndani. Nilimsukuma mzee wa watu, Mungu anisamehe.

Mlangoni kulikuwa na viatu vya mkweo Saidi, vile vizito vya kupandia milima. Nikavivaa, nikarudi ndani. Nilikuwa siwezi hata kuita tena, nakohoa tu. Nilipofika chumbani kwake mlango wa kabati ukafunguka wenyewe. Akatoa kichwa, macho yanamtoka machozi, akasema, "Babu?"

Baba, alikuwa humo muda wote. Alinisikia nikimwita, mara ya kwanza na mara ya pili. Hakujibu kwa sababu sikuwa na buti.

Wenzako walipofika, nilikuwa nimeshamtoa nje, na moto umeshazimwa na majirani. Mmoja akachutama mbele yake, akamuuliza kwa nini hakumjibu mama. Nikajibu mimi: "Aliogopa." Hivyo ndivyo nilivyomwambia Saidi, na hivyo ndivyo nilivyomwambia Shangazi. Sikuweza kusema kwamba ni shairi lako.

Tangu siku ile sina pa kupumulia. Nikilichapa kama lilivyo, nawapa watoto wa ukoo mzima kile kilichokaribia kuniulia wangu. Nikiligusa, nitaulizwa kwa nini, na nikisema kwa nini, nimekushtaki hali ya kuwa huwezi kujitetea. Kila siku Shangazi anapiga: "Kitabu kimefika wapi?" Nami namjibu limebaki shairi moja. Naiweka simu, nakaa mbele ya karatasi yako, mkono hauendi.

Na nimekukasirikia. Bora niseme. Mtu mzima, zimamoto, unakwenda skuli kufundisha watoto wa wenzako watambae watoke nje, kisha wako mwenyewe unamwambia aingie kabatini! Kinyozi hajinyoi, kweli. Lakini najua. Uliandika mchezo, hukuandika moto. Hukutaka nikuwazie ndani ya moto hata siku moja. Na mimi niliyepokea mchezo nikampa mwanangu nikidhani ni wasia.

Jana nimeandika. Nilijaribu kuzibakisha buti zako, wallahi nilijaribu asubuhi nzima. Zilikataa, kwa kuwa kila nilipoziweka, mtoto alikuwa akizingoja. Mwisho ikawa hivi:

*Ukiona moshi, mwana, inama chini, utoke,*
*Upaze sauti yako mpaka nje usikike.*

Nilimsomea Haitham. Akafikiri, akauliza, "Na buti za babu?" Nikamwonyesha ubeti wa kwanza, zipo mlangoni, pale pale ulipoziacha. Akaridhika. Mimi ndiye niliyelia, maana nilijijua. Miezi saba hii kila mlango ukifunguliwa nimekuwa nikisikiliza ukumbini.

Kesho nakwenda Sib kwa Shangazi. Nitamweleza yote, na akinikasirikia nitakaa nimsikilize. Ukoko wako sitaugusa, wala kosa jengine lolote la vina, na yapo, usijidai. Huo ubeti mmoja tu.

Leo tumefanya mazoezi. Haitham ametambaa kutoka chumbani mpaka uani, tumbo chini, akasimama akapiga ukelele wa jina lake mpaka yule mzee jirani akafungua dirisha.

Lala, Baba. Mola akupe nafasi kaburini. Nakuahidi huna haja tena ya kuja kututafuta. Tutatoka wenyewe.

Mwanao,
Zuwena