Muhuri Ulionikimbizia Wanachama

Malindi, Lushoto

Dada yangu mpenzi Mwanaidi,

Shikamoo Dada. Shikamoo tena, maana moja haitoshi kwa jinsi ulivyonikasirikia kwenye barua yako. Goti linakuacha ulale sasa? Kifua cha shemeji kimepona? Na mvua huko Tabora zimeanza, au bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima kabisa, baridi tu ndiyo inayoninyanyasa. Hapa ninapokuandikia nimevaa sweta mbili, na ni saa nane mchana, jua linawaka!

Kwanza nikusahihishe. Nasikia umewaambia majirani kwamba niko Malindi naogelea baharini. Dada jamani! Hiyo ni Malindi nyingine, ya Kenya. Ya kwangu iko juu milimani. Unapanda basi kutoka Mombo mpaka Lushoto, halafu unaendelea kupanda tu mpaka masikio yanaziba. Huku kuna viazi, kabichi, mapeasi na ukungu, bahari hakuna. Tafadhali kawaambie.

Sasa tuje kwenye hasira zako. Uliniandikia, "Mwaka wa pili huu unahangaika na hao watu wako thelathini na sita, umepata nini? Rudi ufundishe nyumbani." Na mimi kwa kiburi changu nikakujibu kwamba mkutano mkuu wa mwaka ukishindikana, nitaomba uhamisho nirudi kwako. Najua umekuwa ukihesabu siku. Basi mkutano umekwisha fanyika, au tuseme umefanyika kwa namna yake. Kaa vizuri nikusimulie.

Umoja wetu wa Wajamaa ni mdogo, sikatai. Mwenyekiti ni Mzee Yoeli, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa la Kilutheri. Kalamu nashika mimi, Mwislamu wa Tabora, na hakuna anayeona ajabu. Kila Jumatano baada ya masomo tunakutana darasani kwangu, tunasoma vijitabu vya siasa na kubishana. Ubishi wenyewe ungeusikia! Wiki tatu nzima tulijadili kama Mzee Yoeli, kwa kuwa ana ng'ombe wawili, ni kabaila. Mwenyewe alinyoosha mkono kukubali kwamba ndiye. Mama Naomi, jirani yangu na makamu mwenyekiti, akamuuliza ni kabaila gani anayevaa kaptula yenye viraka saba. Nilicheka mpaka chaki ikanidondoka.

Lakini mambo yenyewe hayakuwa mchezo. Kijiji kilitupa mteremko mmoja tulime pamoja, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Sharti lilikuwa kwamba kwenye mkutano mkuu, mbele ya afisa wa ujamaa kutoka wilayani, wahudhurie wanachama wasiopungua ishirini na wanne. Akipungua hata mmoja, Umoja unafutwa na mteremko unagawiwa watu binafsi. Dada, mteremko ule tumeulima kwa mikono yetu, maharage yake nimeyapanda na kuyapalilia. Nilikuwa sipati hata hamu ya kula.

Basi nikajiandaa kama unavyonijua. Ripoti niliiandika mara nne. Nikashuka Lushoto, nikamwomba karani mmoja anipigie taipu barua za mwito, tena nikachongesha na muhuri wa duara wenye jembe katikati. Barua ilisema hivi: "Unatakiwa kufika shambani bila kukosa, Jumamosi saa nne asubuhi. Afisa wa wilaya atakuwepo. Majina yataitwa." Kila karatasi nikaigonga muhuri mara mbili, kwa raha zangu. Nikazipeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba. Watu walipokea kwa mikono miwili, kimya, hata makande hawakunikaribisha. Mimi nikadhani ni heshima.

Jumamosi ikafika. Saa nne afisa akaja na shati jeupe, viatu vinang'aa, daftari kubwa kwapani. Akawakuta Mzee Yoeli, Mama Naomi, wakwe wawili wa Mama Naomi, na mimi. Saa nne na nusu tuko hao hao. Saa tano, hao hao! Afisa akapiga mwayo, akafungua kalamu. Nikawaka, unanijua. Nikasema kwa sauti watu hawa hawautaki ujamaa, wanataka kudanganya walimu tu, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Kisha machozi yakanitoka mbele ya mgeni.

Mama Naomi akaniuliza taratibu, "Mwalimu, uliwaitaje?"

Nikampa karatasi iliyobaki. Yeye hakuwa ameiona, kwa sababu yeye na wakwe zake nilikuwa nimewaambia kwa mdomo tu, kupitia ugo wa miti unaotutenganisha, na Mzee Yoeli nilimwambia njiani. Mzee Yoeli akaisoma kwa sauti. Alipofika "majina yataitwa" akavua kofia.

"Mwalimu," akasema, "wakati wa mkoloni karatasi ilikuja hivi hivi. Muhuri wa duara. Unatakiwa shambani bila kukosa, bwana mkubwa atakuwepo. Ukienda, unachimba matuta kwa amri, jua mpaka linazama, na shamba lako linalala. Usipokwenda, unafungwa. Watu wakiiona tu, wanashika njia ya msituni."

"Hata mimi ningekimbia," akasema Mama Naomi, "na mimi ndiye makamu!"

Dada, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Mwaka mzima nawasomea watu habari za kuwekwa huru, kisha nawaita kwa sauti ya mkoloni, tena nikigonga mara mbili! Afisa akaficha uso kwenye daftari. Nilidhani anaandika, kumbe anacheka. Alipoweza kusema akasema sheria yake inataja siku, haitaji saa, basi atangoja.

"Haya, tuwaite kama watu," akasema Mama Naomi. Mzee Yoeli akaenda kwake, si mbali, akarudi na pembe. Huku wana desturi ya msaragambo, ile kazi ya pamoja. Mtu akielemewa, pembe inalia, na kila anayeisikia anatoka na jembe bila kuuliza. Mzee akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mama Naomi akapanda juu ya jiwe, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti kuvuka bonde: "Mwalimu kapatwaaa! Mwalimu kapatwa!"

Weee! Ungewaona wanavyoteremka! Kwenye migomba, kwenye mahindi, kwenye miti, wanatokeza kila upande, majembe begani. Mama mmoja alikuja na uji wa mgonjwa, analia kabisa. Wakanikuta nimesimama.

"Kumbe u mzima!" akafoka mzee mmoja, anahema. "Sasa mwenye shida yuko wapi?"

Nikawaambia shida ni mimi mwenyewe. Nikawaonyesha karatasi, nikaomba radhi kwa wote, wakubwa kwa wadogo. Halafu yule mama wa uji akaanza kucheka, na wote wakafuata, wengine wakaketi chini. Uji alinilazimisha niunywe hivyo hivyo.

Lakini pembe ikishalia watu hawakai bure, ni mwiko. Wakaingia mstari, wakaanza kulima. Basi mkutano mkuu tukaufanya huko huko kwenye mteremko. Mimi natembea mbele yao nasoma ripoti, wao wanalima wananijibu. Hoja ikipita, majembe yanainuliwa juu. Afisa naye akapewa jembe. Akalitazama, akatazama viatu vyake, akavivua. Kumbe mtoto wa mkulima! Alilima mpaka wakwe wa Mama Naomi wakampigia vigelegele.

Ilipofika saa ya kuita majina, nikaita, nikahesabu. Ishirini na watatu. Nikarudia. Ishirini na watatu. Wengine wako msitu wa mbali, pembe haikuwafikia.

"Mmoja tu," akasema afisa, na alisema kwa huzuni.

Mzee Yoeli akaniomba daftari la wanachama. Akalipekua, akaniuliza, "Mwalimu, jina lako mbona halimo?"

Ni kweli halikuwemo, Dada. Walinipa kalamu kwa kuwa ni mwalimu, na miaka miwili nimewaandikia wao wote, mwenyewe sikujiandika. Safu ya mwisho ya daftari inasema "Nyumbani", na kila nilipofika hapo mkono ulikataa. Nyumbani ni kwako, wewe uliyenilea mama alipotutoka. Ningeandika nini?

Mzee akasema kanuni tulizitunga wenyewe: mwanachama ni mkazi yeyote anayelima nasi, mkutano ukimkubali. Kabla hajamaliza, majembe yote yakawa juu. Lile la afisa pia, ingawa yeye hakuruhusiwa kupiga kura. Akalishusha haraka.

Nikashika kalamu. Nilijua nikiacha safu ile wazi, narudi Tabora kwa treni, nalala kwenye kitanda changu, na ahadi yangu kwako imetimia. Nilikuona kabisa umesimama mlangoni. Mama Naomi akanishikia daftari.

Niliandika Malindi, Dada.

Afisa akahesabu ishirini na wanne, akatia sahihi, mteremko ukawa wetu. Tulikula makande, tuliimba, na hoja ya mwisho ikapita kwa kauli moja kwamba katibu asiguse muhuri mpaka atakaporuhusiwa. Afisa aliondoka na malengelenge mikononi.

Nilie au nicheke, sijui. Furaha niliyonayo siwezi kuificha, na wewe usiniombe niifiche. Usinikasirikie sana. Likizo ya shule nitakuja nikukande goti mwenyewe.

Nisalimie shemeji, umwambie asivute tumbaku. Salamu kwa shangazi wa Kaliua, kwa bibi mzaa baba kwa heshima zote, na kwa binti yako wa kwanza, ambaye najua ndiye anayekusomea: mwanangu, usiruke yale niliyoandika juu ya daftari, msomee mama yako yote.

Na daftari la wajamaa liseme litakavyosema, Dada. Lingekuwa na safu ya "Mlezi", hapo ningeandika jina lako.

Mdogo wako,
Siwema